Tangi la Mapatano Limejaa

Msiniulize nchi hiyo iko wapi, maana walioulizia walionyeshwa, na walioonyeshwa hawajarudi kutuambia. Ina bendera, ina wimbo, ina mto mkubwa upande wa magharibi, na ina viongozi wanaowapenda wananchi kuliko wananchi wanavyojipenda wenyewe. Msomaji akiona inafanana na nchi anayoifahamu, ajue macho yake yamechoka, akapimwe.

Mimi naitwa Mwinyimvua. Ni mkazi wa Mapatano, mji ulio juu ya kilima kikavu, na kwa amri ya Wizara ni Mlinzi wa Jicho. Nina koti rasmi la sufu nzito ambalo nalivaa hata jua likiwaka, kwa sababu sheria ya koti haikutaja jua. Nayasimulia haya kwa moyo safi, bila kumlaumu mtu. Mahali msomaji atakaposikia lawama, hapo ni mke wangu Sikudhani anayesema, si mimi.

Mambo yalianzia sokoni. Si soko la nyanya. Lilikuwa soko la mitambo ya kutazama maji kutoka mbali, ambalo Wizara ya Maji na Mwonekano iliitisha katika ukumbi wenye kiyoyozi kule Makao Makuu. Mitambo hiyo ina jicho linalowekwa ndani ya tangi. Jicho likiona maji yamepungua, linapeleka habari mpaka mtoni, pampu inawaka na valvu inafunguka yenyewe. Likiona tangi limejaa, pampu inazima na valvu inajifunga, maji yasimwagike bure. Hapo katikati hahitajiki mtu, na hilo ndilo lililoipendeza Wizara, kwa kuwa watu walikuwa wameisumbua kwa miaka mingi.

Muuzaji wa kwanza alieleza kwa muda mrefu jinsi mtambo wake unavyopima maji bila kukosea. Mheshimiwa Waziri akamuuliza kama vipimo vikitoka vibaya vinaweza kurekebishwa. Yule bwana, ambaye hakuwa na malezi, akajibu kwamba vipimo havirekebishwi, kinachorekebishwa ni mabomba. Alipewa chai na kusindikizwa uwanja wa ndege.

Wa pili alikuwa Bwana Pantaleo, wakala wa kampuni iliyo ng'ambo ya bahari mbili. Huyu hakutaja maji kabisa. Alisimamisha ukutani skrini pana kama ukuta wa ghala, akaiwasha, na nchi yetu nzima ikatokea, kila mji ukiwa na taa yake, na kila taa ya kijani.

"Hii ndiyo hali ya sasa?" Waziri akauliza, akiisogelea.

"Ni hali ya baada ya kutia saini, Mheshimiwa."

Akatia saini palepale. Wiki iliyofuata Bunge likapitisha sheria fupi kuliko zote katika historia yetu: kilichopo ni kile kinachoonekana kwenye Skrini. Mbunge mmoja aliuliza je, na kisichoonekana? Akajibiwa kwamba swali lake halionekani.

*

Mapatano tulibahatika kuchaguliwa kuwa mji wa kwanza. Tulijengewa tangi la chuma juu ya miguu mirefu kando ya gulio letu, na bomba likalazwa kutoka mtoni, likapita katikati ya gulio hilo. Wiki ya uzinduzi pampu iliwashwa. Maji yalikuwa na safari ndefu, tena ya kupanda, lakini yalikuwa yanakuja. Ukiweka sikio kwenye bomba uliyasikia yakivuma kwa mbali. Watu wazima na akili zao walipiga magoti sokoni kusikiliza bomba, wakainuka wanacheka peke yao. Mafundi walisema kesho kutwa yangefika.

Waziri akaja kesho.

Sasa ni lazima nieleze desturi yetu, la sivyo msomaji atatuona wajinga. Kwetu mgeni hakuti mtungi mtupu. Hata ungekuwa umebakiwa na kata moja ya maji, mgeni akitokea unamimina, unamkaribisha, unajifanya umekunywa. Mwenye kukutwa na mtungi mtupu hutajwa misibani mpaka wajukuu wake wanahama mtaa. Na msimamizi wa heshima ya mji katika mambo hayo alikuwa mama yangu mzazi, Bi Kidawa.

"Mwinyimvua mwanangu," aliniambia asubuhi ile, "mtu mzima afunge safari na msafara wake wote, aje akute tangi linapiga mwangwi? Watatusema mpaka tufe."

"Lakini mama, tangi lile hata tukichota mji mzima hatulijazi."

Bwana Pantaleo, aliyetangulia kuja kukagua mazulia, alikuwa karibu. "Kwani nani amesema mlijaze?" akauliza kwa upole. "Jicho linakaa kwenye kisanduku kidogo, pembeni ndani ya tangi. Kijazeni kisanduku. Likiona maji hapo, kwake limejaa lote."

Mama akajitwisha ndoo ya kwanza, maji ya mtungi wake mwenyewe, aliyoyachota kwenye visima vya mchangani kule bondeni. Wanawake wakamfuata kwa vigelegele. Ndoo chache tu zikatosha. Taa ya Mapatano ikawaka kijani kule Makao Makuu, na Waziri alipofika akaonyeshwa kwenye simu yake. Mama akampa maji ya kunywa kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi," Waziri alihutubia, "zamani kiu ilikuwa jambo la mtu binafsi. Mtu aliona kiu peke yake, kwa ubinafsi, bila kuishirikisha Serikali. Leo nawatangazia kwamba Serikali inaona. Mkinywa, tunaona. Mkioga, tunaona, ila kwa heshima. Waliosema Serikali haina macho, leo waje watazamane nayo."

Tulipiga makofi. Katikati ya makofi Sikudhani, aliyekuwa amekaa juu ya bomba akiuza chapati, akanivuta shati.

"Baba Zuhura, mbona limenyamaza?"

"Nini?"

"Bomba."

Nikamwambia asinitie aibu mbele ya Mheshimiwa. Mimi sikuwa fundi, lakini baadaye hata mimi nilielewa. Jicho liliona tangi limejaa, likapeleka habari mtoni. Pampu ikazima, valvu ikajifunga, na maji yaliyokuwa yamekaribia kabisa kutufikia yakarudi nyuma bondeni, kwa kuwa maji yasiposukumwa hayapandi mlima. Mtambo ulifanya kazi yake sawasawa. Sisi ndio tuliokuwa na adabu.

*

Siku hiyo ndiyo nilipokabidhiwa koti. Waziri alinichagua kwa sababu nilipiga makofi kwa muda mrefu kuliko wenzangu. Nilipewa pia namba ya simu ya Skrini ya Taifa, na baada ya kungoja kiungwana nikaitumia.

"Skrini ya Taifa, Afisa wa Zamu. Tukusaidie nini?"

"Napiga kutoka Mapatano, bwana mkubwa. Hatuna maji."

"Mapatano," akasema, akitafuta. "Mapatano ni kijani."

"Ndiyo, lakini maji hayapo."

"Mzee wangu, mimi hapa nawaangalia. Tangi lenu limejaa pomoni. Je, wewe huko unaniangalia mimi?"

"Hapana."

"Basi kati yetu sisi wawili, nani anaona?"

Nikakubali kwamba yeye ndiye anayeona. Tukaagana vizuri. Akanishauri nifungue bomba nioge, kwa sababu sauti yangu ilionyesha nina joto.

Tukaomba boza la maji. Maboza, tukaelezwa, hupelekwa miji yenye taa nyekundu tu, na hakuna mji wenye taa nyekundu, hivyo maboza yote yameegeshwa na kupakwa rangi. Familia kadhaa zikafungasha zihamie mtoni. Zikarudishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Sheria inamruhusu kuhama mtu wa mji usio na maji, lakini anayehama mji wenye maji ni mzembe anayetafuta kuichafua Serikali. Askari wa kizuizini, kijana mwenye huruma, aliwaambia, "Jamani, huwezi kukimbia kiu ambayo huna." Walirudi na magodoro yao kichwani.

Msomaji atauliza: si mngekiacha kisanduku kikauke, taa igeuke nyekundu, pampu iwake? Nasi tuliwaza hivyo, hatukuwa mawe. Lakini Wizara ilikuwa imetangaza kwamba jicho likishuka ni hujuma, na mhujumu ni mlinzi wake. Katika mji wa Mtondoo taa iligeuka njano kidogo tu, wakati wa chakula cha mchana. Mlinzi wao akachukuliwa semina. Mkewe bado anampakulia.

Basi nikawa mlinzi wa kweli. Tangi lilikuwa la chuma na jua letu halina utani, kwa hiyo kisanduku kilikauka upesi. Tukapanga zamu. Kila siku nyumba moja ilileta ndoo yake, mimi napanda ngazi na koti langu, nalinywesha jicho. Visima vya mchangani vilikuwa vikipungua, watu wakichimba kina cha mtu na kupata maji ya rangi ya chai, na yale masafi yaliyokuwa juu, yaliyotulia, tulilipelekea jicho kwanza, maana Bwana Pantaleo alituonya kuwa tope huliumiza. Sikudhani alifunga biashara yake ya chapati. Alisema unga anao, moto anao, kilichobaki anaombwa akandie mate.

Wakati huohuo mji wetu ulipata sifa kubwa. Serikali yetu ilikuwa imepewa uwakala wa kuuza mtambo ule kwa nchi jirani, na picha ya tangi letu ilitolewa kwenye kalenda. Wajumbe walikuja kwa mabasi kutazama Mji wa Mfano. Na kila walipokuja, Bi Kidawa aliamuru mitungi ijazwe, kwa sababu mgeni ni mgeni. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuliwangoja wageni wengi, na bado tunangoja kupona.

*

Kisha mama akaugua. Sitasema ni kiu iliyomwuguza, kwa kuwa Skrini haikuonyesha hivyo. Alikuwa mzee, alilala, akawa mwepesi kama kanga iliyokaushwa. Hakulalamika maumivu. Alichokuwa nacho ni hofu moja, nayo aliisema waziwazi: hakutaka kuzikwa bila kuoshwa. Mwanamke aliyemkogesha mama yake mzazi na nusu ya marehemu wa kike wa mtaa, alisema, hawezi kwenda mbele ya Mola wake na jasho la msimu mzima.

Akamwita Maalim Shomvi, imamu wetu.

"Maalim, nikifa leo nitaoshwa kwa nini?"

Maalim akatazama mlangoni kwanza. "Bi Kidawa, dini yetu ni nyepesi. Maji yakikosekana, maiti hutayamamishwa kwa udongo safi, na inatosha."

"Basi yamekosekana."

"Hapo ndipo penye ugumu, dada yangu. Serikali imetamka kuwa yapo. Nikiamuru utayamamishwe, nimesema yamekosekana, na mimi nina watoto. Na nikiamuru uoshwe kwa maji, nitakuomba wewe unionyeshe maji."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

Maalim hakuwa mtu mbaya, na machozi yalimlenga. "Kwa sasa," akasema, "usife."

Mama alikubali. Alikuwa mtu wa kutii wakubwa wa dini. Lakini mimi mwanawe niliyekaa mkekani nilijua kuwa hilo si jambo analoweza kulifanya kwa muda mrefu.

Ndipo zamu ikafika nyumbani kwetu. Ndani tulikuwa na ndoo moja, na siku hiyo kisimani hakuna aliyepata kitu ila mchanga wenye unyevu. Nikavaa koti, nikaishika ndoo. Sikudhani akasimama mlangoni.

"Unaipeleka wapi?"

"Unajua ninakoipeleka, Mama Zuhura. Ni zamu yetu."

"Mama yako midomo imepasuka. Jicho lina midomo?"

"Nikifungwa je?"

"Mwinyimvua," alisema, na ni mara chache ananiita kwa jina, "kwani sasa hivi uko wapi?"

Nikapita, nikaenda, naye akanifuata nyuma akiwa na debe tupu. Tulipanda ngazi. Ndani ya tangi mlikuwa na joto la tanuri na kutu, na lile jicho limekaa kwenye kisanduku chake, limelowa vizuri, halina shida na mtu. Nikalitazama. Nilijiona mimi mwenye koti, nimemnyima maji mama yangu, nimekiletea chuma. Niliona haya ambayo sijawahi kuyaona hata mbele ya wageni.

Kilichotokea hapo nitakieleza kama nilivyowaeleza wakubwa. Ndoo iligoma kumiminika. Halafu kisanduku, kwa sababu ambazo sayansi itazitafuta, kikajichota chenyewe kata kwa kata, kikajimimina ndani ya debe la mke wangu mpaka kikakauka. Sisi tuliteremka na maji mara mbili ya tuliyopanda nayo. Mama alikunywa, akauliza maji matamu vile yametoka wapi. Nikamwambia kwa mgeni.

*

Taa ya Mapatano ikawa nyekundu. Na mtambo, ambao nasema tena haukuwa na kosa lolote, ukafanya ulichoumbiwa. Kesho yake gulioni mtu alipiga kelele, watu wakakimbilia bomba. Lilikuwa linavuma.

Sijui niseme nini kuhusu siku zile. Mji mzima ulilala chini masikio yamegandana na chuma. Tuligombania nafasi, wazee wakipewa kwanza. Tulimbeba mama na kitanda chake mpaka gulioni, akaweka shavu lake kwenye bomba, akafumba macho. "Yapo njiani," alisema. "Mwambie Maalim asinichimbie udongo." Kelele ziliongezeka kila siku, mpaka ikawa huhitaji kuinama kuzisikia. Fundi wa baiskeli, anayejua kukadiria mambo, akasema kesho asubuhi.

Helikopta ikatua jioni ile.

Aliteremka Bwana Pantaleo na mafundi wake wawili, wamevaa suti, wamelowa jasho. Walikuwa wamesafiri kwa haraka, kwa kuwa wajumbe wa nchi kubwa jirani walikuwa tayari wamekaa mbele ya Skrini kule Makao Makuu, na taa moja nyekundu ilikuwa inawaharibia chakula. Nilijua wamekuja kunichukua. Nikanyoosha mikono.

"Ya nini?" akauliza Bwana Pantaleo.

"Nimehujumu."

"Haiwezekani. Nimeziuzia nchi nne mtambo usioweza kuhujumiwa. Kwa hiyo hukuhujumu. Jicho limechoka tu, na tumeleta jipya."

Mafundi walikuwa hoi. Mmoja alijishikilia kwenye mguu wa tangi akihema. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo mlipo na haki ya kutucheka. Bi Kidawa akainua kichwa kitandani pake, akaona watu wazima waliotoka mbali wamesimama juani. "Wageni hao," akasema. "Mmewapa maji?" Yalikuwa yamebaki yaleyale tuliyoyateremsha kutoka kwenye tangi. Binti yangu Zuhura akawapelekea kwa mikono miwili, wakanywa, wakanawa uso, wakapata nguvu. Wakaomba mtu wa kuwashikia ngazi, kwa kuwa ilikuwa inayumba. Kwetu mgeni haombi mara mbili.

Mimi ndiye niliyeshika ngazi.

Walikaa humo kitambo kifupi. Jicho jipya, Bwana Pantaleo alinieleza tulipokuwa tunangoja, ni la kisasa zaidi, kwa sababu halisumbuliwi na kiasi cha maji. Linajua kitu kimoja tu, nalo ni kujaa. Halihitaji kisanduku, halihitaji ndoo, halihitaji zamu. Nikamsikiliza kwa sikio moja, kwa maana lingine lilikuwa upande wa bomba, na nilisikia mvumo wake ukipungua, ukipungua, kama mtu anayeondoka huku akizungumza.

Bomba likanyamaza. Bwana Pantaleo akapanda juu ya meza ya chapati ya mke wangu.

"Wananchi wa Mapatano," alisema, "kuanzia leo hamtabeba tena ndoo hata moja kulipelekea jicho. Maji yenu ya kisimani ni yenu."

Na watu wakapiga makofi. Nawaambia kweli, walipiga, na wengine walilia kwa furaha, na mimi mikono yangu ilipiga pamoja nao kabla sijaiuliza. Ndoo moja kwa siku ilikuwa mzigo mkubwa. Sikudhani peke yake hakupiga. Alikuwa amekaa juu ya bomba, ameliwekea kiganja, jinsi unavyompapasa ng'ombe aliyekufa.

*

Mama hakuweza kuendelea kumtii Maalim. Alifariki Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, na taa yetu ilikuwa ya kijani. Maalim alikuja, akakaa kizingitini, hakugusa udongo wala hakuuliza maji. Kila mtu alijua anachokiogopa, na hakuna aliyemsukuma.

Alasiri nilipiga simu ya Skrini. Niliomba ndoo mbili tu, au ruhusa ya kusema hatunazo.

"Pole sana kwa msiba," alisema Afisa wa Zamu. "Lakini mna bahati ya kufiwa mahali penye maji."

Nilikuwa bado nimeshika simu nilipoona mama fulani wa mtaa wa pili anaingia uani na ndoo kichwani. Akaitua. "Leo ilikuwa zamu yetu," akamwambia Sikudhani. Nyuma yake akaja wa nyumba iliyofuata, ambaye zamu yake ingekuwa kesho, naye na ndoo. Na wa kesho kutwa. Jicho halikuhitaji tena, lakini mikono ilikuwa imeshazoea. Walikuwa wamekwangua visima tangu habari ilipowafikia, na yale maji walikuwa wameyachuja kwa kanga mpaka yakawa meupe. Mama yangu alioshwa vizuri, juu mpaka chini, kama alivyowaosha wengine, na Maalim akapata sauti yake ya kuomba dua. Nililia mbele za watu na koti langu mwilini.

Baada ya mazishi tulipata salamu za Wizara. Hazikuwa rambirambi. Ujumbe wa nchi kubwa jirani ulikuwa umeridhika na Skrini, na sasa ulitaka kuuona Mji wa Mfano wenyewe kabla ya kutia saini. Tuwapokee kwa heshima yetu inayojulikana.

Sikudhani alizisikia salamu hizo akiwa anafagia. Akauweka ufagio, akaenda kwenye mtungi wa mama, ule uliompa maji Waziri siku ya kwanza, akaubinua juu chini katikati ya mlango. Kisha akakaa juu yake.

"Mama Zuhura," nikasema, "mgeni hakuti..."

"Safari hii atakuta."

Jambo hilo kwetu ni zito kuliko kuchoma bendera. Lakini majirani walipita, wakaona, wakarudi makwao. Siku ya ugeni ilipofika, kila mlango wa Mapatano ulikuwa na mtungi uliobinuliwa. Hapakuwa na vigelegele. Nilisimama chini ya tangi, nikafikiri: leo wataona. Hata asiye na Skrini ataona.

Msafara ukaingia. Waziri akateremka, akatazama mtaa mzima, mtungi baada ya mtungi, makalio ya mitungi yote yakimtazama yeye. Kisha akaitoa simu yake, akaiangalia, na uso wake ukang'aa tena.

"Waheshimiwa wageni," akasema, "mnashuhudia wenyewe. Maji yamekuwa mengi mpaka wananchi wameistaafisha mitungi yao."

Wageni wakapiga makofi, wakapiga picha. Mitungi yetu, naambiwa, ndiyo iliyo kwenye kalenda ya mwaka huu.

Mmoja tu hakupiga picha. Alikuwa mtu wa makamo, waziri wa maji wa nchi yao, mwenye midomo mikavu kutokana na safari. Aliitazama mitungi kwa muda, halafu akanisogelea nilipo, kando ya bomba.

"Kwetu pia," akaniambia kwa sauti ya chini, "mgeni hakuti mtungi mtupu."

Akaliona koti langu.

"Wewe ndiye mlinzi? Unalinda nini hapa, ndugu yangu?"

Nikamwonyesha bomba. Akapiga goti na suti yake, akaweka sikio, akasikiliza kwa makini, kama tulivyokuwa tukisikiliza sisi.

"Sisikii kitu," akasema.

"Ndicho ninacholinda."

Akainuka polepole. Alinitazama usoni, na nikaona kwamba ameelewa yote, tangu ndoo ya kwanza ya mama yangu mpaka hapo tuliposimama. Kisha wakamwita mezani kutia saini, akajifuta vumbi gotini, akaenda.